Kuagiza PE100 ya mabomba kutoka Ghuba: mkataba ubane nini?

Swali:
Wakuu, kiwanda cha mabomba ya maji, Dar, kinaagiza kontena la futi 40 la PE100 (plastiki ya polyethilini ya mabomba ya presha) kupitia Jebel Ali, bandari ya Dubai. Muuzaji ana PE100 nyeusi tayari, na isiyo na rangi ya kuchanganya wenyewe na masterbachi (chembe za plastiki zilizokolezwa rangi), bei nafuu. Tuchukue ipi?

Jibu 1:
Nyeusi tayari, mkuu. Kaboni nyeusi inatakiwa asilimia 2 hadi 2.5 na isambae sawasawa. Mkichanganya wenyewe kwenye hopa (faneli ya kulishia mashine), chonga kipande chembamba cha bomba ukiangalie kwenye mwanga: ukiona michirizi myeupe, hapo ndipo patakapopasuka kwa presha. Kwenye mkataba andika gredi, namba ya loti (kundi la uzalishaji) na kiwango cha mtiririko wa plastiki ikiyeyushwa, kilichopimwa kwa nyuzi 190 na uzito wa kilo 5. Akikupa kipimo cha kilo 2.16, kataa, namba hizo hazilinganishwi.

Jibu 2:
Naongezea: kwa paleti 18 za mifuko 55 ya kilo 25 unapata mifuko 990, yaani tani 24.75. Linganisha loti ya mfuko na cheti cha maabara kabla ya kumwaga chochote. Kaboni hunyonya unyevu, kwa hiyo masika kausha kwanza, la sivyo ndani ya bomba patakwaruza.

Muuliza swali:
Na malipo ya LC (hati ya benki ya kumhakikishia muuzaji malipo)?

Jibu 2:
Maelezo ya bidhaa kwenye ankara yaendane na ya LC. Yakipishana, benki inagoma kulipa na kontena linakaa bandarini likila tozo.