King'amuzi cha kurekodi: niangalie nini?

Wakuu, nataka king'amuzi cha antena kinachorekodi kwenye flashi, cha kutumia hapa Dar. Nikague nini kabla sijalipa?

— Hakikisha ni DVB-T2 (toleo jipya la mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena). Cha DVB-T tupu, yaani toleo la zamani, hakitashika kitu. Kisha uliza tyuna (sehemu ya ndani inayoshika masafa ya chaneli) ziko ngapi. Ikiwa moja, wakati wa kurekodi utaweza kuhamia chaneli zinazorushwa kwenye masafa yaleyale ya ile unayorekodi tu.

— Flashi ya FAT32 (aina ya fomati ya kuhifadhi mafaili) haibebi faili linalozidi GB 4, ndiyo maana mechi hukatwa vipande. Diski ya nje ikilia tik-tik halafu ikazima, umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu. Chukua yenye adapta yake.

— Na ukishatega saa ya kurekodi, zima king'amuzi kwa rimoti, siyo kwa swichi ya ukutani!