Tajiri kafunga matairi ya Hiace kwenye Noah, faini nakatwa na mafuta nasingiziwa mimi dereva

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa nimevimba, kwa hiyo povu likizidi mnivumilie.

Naendesha Noah ya mtu hapa Mbeya. Abiria wa kukodi, mizigo midogo, leo Makambako, kesho Tukuyu, na msimu wa viazi tunapanda mlima kwenda Matamba. Matairi ya kiwandani ya gari hili ni 195/65R15. Imeandikwa kwenye kibandiko pale nguzo ya mlango wa dereva, ukifungua tu unaiona. Sasa tajiri, yaani mwenye gari, akachoka kusikia gari linakwaruza tumbo kwenye njia za viazi. Akaenda dukani, mimi nimekaa kwenye usukani kama mapambo, akachaguliwa 195/80R15. Matairi ya Hiace hayo, kila mwenye macho anayajua.

Nikasema, "Mzee, haya si makubwa kwa hili gari?" Aliyenijibu ni muuzaji, tena bila kunitazama: "Kijana, rimu inchi 15, tairi inchi 15. Upana 195 ni 195 uleule. Unabisha nini?" Wakafunga. Ukikata kona yanasugua madigadi kwa ndani, wakaongeza spesa (vipande vya kuinua gari) kwenye shokapu. Tajiri akalizunguka gari, akaridhika, akasema sasa limesimama kama gari la kazi.

Tangu siku hiyo sina amani.

Nianze na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Natoka Igurusi kwenda Chimala, kibao cha 50 nimekiona, mshale nimeuweka palepale kwenye 50 na sijaugusa tena. Mbele nasimamishwa. Trafiki ananionyesha picha aliyorushiwa na mwenzake kwenye simu: namba ya gari ni yangu, spidi 53. Nikamwambia afande, dashibodi yangu ilisoma 50. Akacheka. Na kusema kweli, yeye angefanya nini? Tochi inapima gari linavyokwenda, haipimi mshale wangu. Elfu 30. Nikampigia tajiri, akasema, "Wewe ndiye ulikuwa unaendesha au mimi?" Ikakatwa kwenye posho yangu. Na haikuishia hiyo moja.

Nikachukua simu, nikawasha programu ya kupima mwendo kwa setilaiti, nikaiweka pembeni ya dashibodi. Zamani kwa matairi yale madogo dashibodi ikisoma 50, simu ilikuwa inasoma 48 hivi. Hiyo ni kawaida, viwanda huacha mshale uzidishe kidogo kwa makusudi, maana kanuni za kimataifa zinakataza spidomita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi. Ikidanganya, idanganye kwa upande wa usalama. Sasa hivi dashibodi ikisoma 50, simu inasoma 52, mara 53. Ikisoma 80, barabarani niko kama 84. Yaani lile pengo la usalama aliloliacha Mjapani limeliwa lote, na juu yake limeongezwa deni.

Kwa wale mtakaokuja hapa na maneno ya muuzaji kwamba inchi 15 ni inchi 15, kaeni chini tupige hesabu. Inchi 15 ni rimu, ni chuma. Hiyo ni milimita 381. Ile 65 si mapambo, ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana wa 195, sawa na milimita 126.75. Ukuta uko juu na uko chini, kwa hiyo mara mbili, 253.5. Jumlisha na rimu, tairi zima lina kimo cha 634.5. Haya, hili la Hiace: asilimia 80 ya 195 ni 156, mara mbili 312, jumlisha 381, unapata 693. Tairi limekua kwa zaidi ya asilimia 9! Wataalamu wa matairi wengi wanakuambia usivuke asilimia 3 ukibadilisha saizi. Sisi tumevuka mara tatu yake, kisha mtu na akili zake ananiuliza nabisha nini.

Na dashibodi haina macho. Haijui umefunga nini chini. Magari ya zamani yana waya unaozungushwa na kigia cha plastiki kwenye giaboksi, ya sasa yana sensa, lakini yote yanafanya kazi moja, kuhesabu mizunguko, kisha yanaizidisha kwa mzingo wa tairi aliouweka mtengenezaji. Tairi la zamani likizunguka mara moja gari linasogea kama mita 1.99. Hili jipya linasogea kama mita 2.18. Mzunguko ni mmoja, gari limekwenda mbali zaidi, dashibodi inaandika palepale pa zamani. Ni kama kupima shamba kwa hatua za mtoto halafu katikati ya kazi umpe baba yake aendelee, wewe unaandika hesabu ya hatua tu.

Hapo ndipo linapokuja la mafuta, na hili ndilo limenitoa roho kuliko tochi.

Tajiri wangu ana daftari. Kila nikirudi anasoma kilometa za dashibodi, anagawanya kwa 10, maana kwake Noah inakula lita moja kwa kilomita 10, basi. Mbeya kwenda Makambako ni kilomita kama 170, kwenda na kurudi 340. Zamani dashibodi iliandika huko huko na daftari likakubali. Sasa narudi safari ileile, barabara ileile, dashibodi inaandika 311! Anagawanya, anapata lita 31, mafuta yaliyotumika ni 34. "Lita 3 ziko wapi?" Namwambia Mzee, barabara haijafupishwa, ni matairi. Ananiangalia kama mwizi aliyekamatwa na dumu mkononi. Kashawaambia na watu kijiweni kwamba nachota mafuta nauza. Mimi! Watu wanaonifahamu tangu niko konda wananiuliza kwa utani, "Eti mkuu, lita unauza bei gani?"

Nikamwambia twende pamoja, aje na simu yake yeye mwenyewe, tuanzie Uyole tuhesabu hadi Makambako. Amekataa, ana shughuli.

Na sijasema gari lenyewe lilivyo. Tairi kubwa ni sawa na kuinua gia zote kwa mpigo. Pale mlima wa kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba, gari likiwa na watu na magunia, sehemu niliyokuwa napita na gia ya pili linakataa, narudi ya kwanza, injini inalia, na mafuta yanakwenda kwelikweli (kwa hiyo pengine hata zile lita 3 ni zaidi, sitaki kujua). Kushuka ndiyo usiseme. Breki ni zilezile ndogo za Noah, zinazuia tairi kubwa na zito zaidi, ukifika chini harufu unaisikia ndani ya gari. Abiria wananiuliza dereva nini kinaungua. Nawajibu nini?

Oili nayo ilikuwa inabadilishwa kila kilomita 5,000 za dashibodi. Sasa 5,000 ya dashibodi ni karibu 5,460 za barabarani. Hapo tajiri hana swali. Siku akiliuza, mnunuzi atasoma kilometa chache kuliko zilizokwenda, na hapo pia hatakuwa na swali.

Kuna watakaosema "wapo wanaofunga na hawapati shida". Wapo, mara nyingi kwa sababu wamepanda kidogo. Ukitoka 195/65R15 kwenda 205/65R15 ni asilimia 2 tu, hata tairi jipya la saizi ileile dhidi ya kipara linaweza kukupa tofauti inayokaribia hiyo. Mimi silii na asilimia 2. Wengine mtasema nipunguze mwendo, nikiona kibao cha 50 niende 45. Ndivyo ninavyofanya sasa, asanteni. Lakini anayekuja kunipokea gari siku naumwa atajuaje? Na kwa wenye mabasi msijione salama, ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, unafuatilia mabasi kwa setilaiti, haujali mshale wako. Mkiongeza tairi bila hesabu, kengele itakulilia huku dereva wako anaapa yuko 80.

Wauzaji wa matairi nao jamani. Kazi yenu ni kuuza, sawa, lakini namba zimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa herufi kubwa. Mtu akileta gari la 65 mkampa 80, mwambieni kwamba spidomita itasema uongo, achague mwenyewe akiwa anajua. Nyinyi mnachukua hela, dereva anachukua faini.

Ninachotaka kwa tajiri ni kimoja kati ya viwili. Arudishe saizi ya kiwandani, au amlipe fundi wa umeme afunge kile kifaa cha kurekebisha ishara kati ya sensa na dashibodi, na pesa za faini nilizokatwa zirudi. Tumbo la gari limepanda milimita 29 kwa tairi, nakubali, Matamba halikwaruzi tena. Basi ailipie hiyo faida mwenye gari.

Wakuu, naomba msaada kwenye mawili. Kwanza, kuna anayemfahamu fundi Mbeya au Iringa aliyewahi kufunga hicho kifaa kwenye Noah kikakubali, bei gani? Pili, madereva wenzangu mliowahi kusingiziwa mafuta kwa sababu ya matairi: mlimwonyesha tajiri kitu gani hadi akaelewa? Hesabu nimempa kwenye karatasi, kaifungia vitumbua.