Naomba ushauri: saa za bei nafuu zenye kasoro, niziuze kwa bei gani?

SaaKampemba
Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Ninauza saa za mkononi hapa Lubumbashi, si mbali na Soko la Kenya, na nimekwama juu ya bei. Mzigo wangu wa mwisho ulitoka Guangzhou, China, ukapitia Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa: saa 40 za otomatiki, yaani zinazojijaza nguvu mkono unapotikisika, zisizo na jina la kampuni kubwa, ambazo kila moja ilinunuliwa dola 19 na kunifikia dukani kwa dola 26, usafiri na forodha vikiwemo. Nilipozikagua, 9 zilikuwa na kasoro. Nyingine pete yake ya juu, inayozunguka kioo, imepinda kidogo kutoka kwenye alama ya 12, na moja huwahi dakika nzima kila siku. Ninaziuza dola 60. Je, bei hiyo ni ya haki? Nisaidieni, kwa maana usingizi umenipotea.

Mzee wa Kipushi
Mwanangu, achana na otomatiki. Uza saa za betri. Mimi ninavaa Casio F-91W, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989, na kiwanda chenyewe kinasema haitakosea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya mashine huweza kukosea hizo kwa siku moja na bado ikahesabiwa kuwa nzima. Nilipokuwa kazini tuliingia zamu kwa king'ora, na aliyechelewa alikatwa mshahara. Hakuna aliyeuliza kama saa yake ina kioo kizuri.

Mhasibu_Ruashi
Shikamoo mzee, lakini kaka ameuliza bei. Tufanye hesabu. Saa 40 kwa dola 26 ni dola 1,040. Ukizitoa zile 9, saa 31 zilizobaki ndizo zinazobeba gharama yote, yaani dola 33 na nusu kila moja kabla hujalipa kodi ya duka. Ongeza malipo ya fundi wa kuzipima. Kwa hiyo dola 60 si wizi, ila mteja anayelipa bei hiyo amelipia ukaguzi, na ni lazima aupate. Zenye pete iliyopinda uziweke kando, umwonyeshe mnunuzi kasoro kwa kidole, kisha uziuze kwa dola 26 au 30. Wapo watu wasiojali jambo hilo hata kidogo.

Mama Kamalondo
Mwanangu alipofaulu mtihani wa Serikali nilimnunulia saa kwa fedha nilizopata kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu, na kabla ya mwezi kwisha mshale ulidondoka ndani ya kioo. Mwuzaji aliniambia kwamba kilichouzwa kimeuzwa. Baba, usiwe mtu wa namna hiyo. Fedha ya mama anayeuza unga wa mahindi si ya kuchezewa.

FundiSaa_Katuba
Kaka, pete iliyopinda haimnyimi mtu usingizi. Zipo saa za kampuni zinazojulikana duniani zinazotoka kiwandani zikiwa hivyo, na wanunuzi hulalamika, kisha huzivaa. Na ile inayowahi dakika nzima huenda imeshika sumaku tu, nami ninaiondoa kwa muda mfupi. Tuambie kilichorudishwa dukani kwako.

SaaKampemba
Fundi, kwa kuwa umeuliza, nitasema. Vijana wa kiwanda cha kuoshea madini wameagiza saa 15, na kila mmoja ametanguliza dola 25. Niliwaambia kwamba zinastahimili maji hadi mita 200, kwa sababu ndivyo ilivyochongwa kwenye mfuniko wa nyuma. Wa kwanza kupewa amerudi akiwa na ukungu chini ya kioo. Lakini sikusema uongo, nilisoma kilichoandikwa. Pesa zao siwezi kuzirudisha sasa kwa sababu nimezituma Guangzhou kama malipo ya awali ya mzigo wa pili. Isitoshe, mtu mmoja kati ya wote si ushahidi. Labda aliacha wazi kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia saa.

FundiSaa_Katuba
Hilo ndilo lililopaswa kuwa swali lako la kwanza. Maandishi kwenye mfuniko hayazuii maji. Kinachozuia ni raba zilizo chini ya kioo, chini ya mfuniko na kwenye kifundo. Kipimo cha kimataifa cha ISO 6425, ambacho ni cha saa za wapiga mbizi, kinadai kila saa ijaribiwe peke yake, kwa shinikizo linalozidi lile lililoandikwa kwa asilimia 25. ISO 22810, ya saa za kawaida, inaruhusu kujaribu sampuli tu. Kiwanda kinachouza saa kwa dola 19 kina njia moja rahisi ya kupunguza gharama: kuruka majaribio. Wala usihesabu mita kama kina cha mto. Saa ya mita 30 ni ya kunawa mikono na kunyeshewa, si ya kuogelea.

Mhasibu_Ruashi
Basi hesabu yangu imebadilika. Ikiwa hujui ni ngapi zinazoingiza maji, hujui bado ni saa ngapi nzima ulizo nazo, na bei haiwezi kupangwa.

Mwana wa Ruashi
Samahani, wakubwa, mimi naona hadithi hii imetungwa. Katika tangazo lake la wiki iliyopita ndugu huyu aliandika kwamba saa hizi zina mashine ya NH35, ya Seiko ya Japani, inayopiga mara 28,800 kwa saa moja, na kioo cha yakuti, kisichokwaruzika kirahisi. NH35 hupiga mara 21,600, yaani mara 6 kwa sekunde, siyo 8. Na mashine hiyo peke yake, ukiinunua moja moja, huuzwa kwa zaidi ya dola 30. Itapatikanaje ndani ya saa nzima ya dola 19? Nadhani hakuna mzigo wala vijana wa kiwanda, kuna mtu anayetafuta wateja.

SaaKampemba
Mdogo wangu, umenivunjia heshima. Ankara ninayo, na karatasi ya mwuzaji ndiyo iliyosema NH35 na 28,800. Mimi nilinakili tu. Ni nani anayetafuta wateja kwa kutangaza ukungu?

FundiSaa_Katuba
Kijana, takwimu zako ni sahihi, lakini zinaweza kumaanisha kwamba aliyedanganywa ni huyu kaka. Zipo mashine za kuiga NH35, na zipo nyingine za China zinazopiga 28,800. Jambo hili linagusa bei moja kwa moja: NH35 halisi inaruhusiwa kukosea kati ya kupungua sekunde 20 na kuzidi 40 kwa siku, na vipuri vyake vinapatikana. Kama ni nyingine, dhamana utakayompa mteja utaitimiza kwa vipuri gani?

Mwana wa Ruashi
Nitaamini nikiona picha ya mashine, mfuniko ukiwa umefunguliwa.

SaaKampemba
Picha nitaileta. Nimemwandikia mwuzaji asitume mzigo wa pili kabla hajanieleza juu ya raba na mashine. Ila dola 60 siishushi, kwa sababu nikishusha, hata zile zilizo nzima zitaonekana mbovu, na tangazo lilikwisha kutoka.

Mhasibu_Ruashi
Tangazo hubadilishwa. Futa maneno ya mita 200 na ya yakuti leo, kabla ya kuuza nyingine. Wale vijana uwape nafasi ya kuchagua: pesa yao kidogo kidogo, au saa iliyopimwa.

FundiSaa_Katuba
Niletee zote, pamoja na iliyorudi, na usiianike juani wala karibu na makaa, kwa kuwa unyevu utabaki ndani na kutia kutu. Nina chombo cha kupimia shinikizo la hewa kisichohitaji kuzamisha saa majini. Nitachukua dola 2 kwa kila moja, na nitakayoikataa nitaitia alama.

SaaKampemba
Yaya, kaka yangu, dola 2 mara 40 ni dola 80. Je, ukipima zile 15 za vijana kwanza?

FundiSaa_Katuba
Anza na hizo 15. Uje na ankara.