Mvuke au kiyeyusho: kwa nini njia safi ya kutoa mafuta mazito haijaenea?

Mkazi wa Kondoa
Ndugu wanajukwaa, salaam. Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani ufike upande wetu, kijiweni hakuna mazungumzo mengine. Juzi mwenzetu mmoja alidai kuwa mafuta ya Uganda ni mazito kama lami, ndiyo maana bomba linapashwa moto, na kwamba Canada wanayo njia ya kuyatoa mafuta ya namna hiyo kwa mvuke kidogo na moshi kidogo. Kama ni hivyo, kwa nini kila kampuni haiitumii?

Fundi Boila
Mwenzenu amechanganya mambo mawili. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, nayo huganda yakipoa. Kwa hiyo bomba lote la kilomita 1,443 linapashwa ili yabaki kwenye nyuzijoto 50 hivi. Mafuta mazito hasa ni ya Alberta kule Canada, au ya Orinoco kule Venezuela. Yale ya Alberta hayatiririki hata yakiwa ardhini. Kwa njia aliyoibuni mhandisi Roger Butler, visima viwili huchimbwa kwa mlalo, kimoja juu ya kingine. Cha juu huingiza mvuke, lami hulainika na kuchuruzika hadi cha chini.

Gharama imejificha kwenye maji. Ni kawaida kuchemsha mapipa matatu ya maji ili kupata pipa moja la mafuta, kazi ambayo kwa hesabu yangu hula gesi ya takriban gigajuli 1.2 na kutoa zaidi ya kilo 60 za hewa ukaa. Njia aliyoisema mwenzenu huongeza kwenye mvuke kiyeyusho kama propani au butani, kinachosaidia kulainisha lami. Sasa chukulia, kwa mfano tu, kwamba kiyeyusho hicho kimepunguza mvuke kwa nusu. Gesi ikiwa dola 2 kwa gigajuli, umeokoa dola 1.2, kodi ya kaboni ikiwa dola 50 kwa tani, umeokoa dola 1.5 nyingine. Lakini kiyeyusho kikiwa dola 40 kwa pipa, na sehemu moja ya kumi ya pipa ikabaki ardhini kwa kila pipa la mafuta, umepoteza dola 4, yaani hasara. Upotevu ukishuka hadi moja ya ishirini, unapoteza dola 2 na faida inaanza kuonekana. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeisifu njia hii ni moja: kiyeyusho kinarudi kiasi gani?

Mradi mpya hupata nafuu zaidi, kwa kuwa hununua boila chache. Mwenye boila alizokwisha kuzilipia hana haraka.

Mkamuaji, Singida
Sisi wa alizeti tunalijua hilo. Mashudu yanayotoka kwenye mashine yangu bado yana mafuta kiasi cha kulowesha gunia na kuacha doa sakafuni. Viwanda vikubwa huyaosha kwa heksani, nayo ni kiyeyusho, kisha huivukiza na kuipoza irudi kuwa kimiminika, itumike tena. Niliwahi kuulizia mtambo huo: sehemu ya kurudisha heksani ndiyo iliyonikatisha tamaa, si ya kuoshea.

Mkazi wa Kondoa
Nimeelewa, wakuu. Na jua je? Huku kwetu halikosekani.

Fundi Boila
Oman walijaribu kuchemsha maji kwa jua katika eneo la visima vya mafuta la Amal, mradi wa Miraah, uliotoa mvuke wa kwanza mwaka 2017. Vioo vya kukusanya mwanga wa jua viliwekwa ndani ya nyumba za vioo kwa sababu ya vumbi, jambo ambalo mtu wa Dodoma halihitaji kuelezwa. Usiku jua halipo, kwa hiyo gesi haikuachwa kabisa. Ila Oman gesi iliyookolewa inaweza kusafirishwa nje kwa bei nzuri, ilhali Alberta gesi imekuwa rahisi kwa miaka mingi, na huko kioo hushindana na moto wa bei ya kutupa.