Naomba ushauri: seva ya barua pepe na tovuti nyumbani

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninapanga kuweka nyumbani seva ndogo ya Debian (mfumo endeshi wa Linux) itakayobeba tovuti ya duka letu la vitabu pamoja na barua pepe za watu wanne, kwa kutumia Nginx (kwa tovuti), Postfix na Dovecot (kwa barua pepe).

Ndani ya nyumba kila kitu kinafanya kazi. Kikwazo kiko nje: ruta inaonyesha anwani ya IP inayoanza na 100.72, yaani ile inayochangiwa na wateja wengi, hivyo kufungua milango ya 80 na 443, ile ya tovuti, hakukusaidia. Na nilipojaribu kutuma barua kupitia mlango wa 25, ambao seva hutumia kupelekeana barua, muunganisho ulining'inia hadi muda ukaisha. Rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, nimeshaziweka kwenye domeni, lakini bila PTR (rekodi inayoonyesha anwani ya IP ni ya jina gani) nahofia majibu yetu kwa wateja yataishia kwenye barua taka, na hilo linaninyima usingizi kuliko tovuti yenyewe.

Je, nimwombe mtoa huduma anwani ya kudumu, au nikodi seva ndogo ya nje na kuiunganisha na ya nyumbani kwa WireGuard (programu ya VPN)? Na nikifuata njia hiyo ya pili, barua zihifadhiwe upande upi, ikizingatiwa kwamba umeme huku kwetu huweza kukatika kutwa nzima?

Natanguliza shukrani.