Mjadala: Mto Mackenzie uanze kuandikwa kwa majina ya wenyeji?

Mtoa mada: Wakuu, naleta hoja. Kaskazini mwa Kanada kuna mto unaotoka Ziwa Great Slave na kutiririka kilomita 1,738 hadi Bahari ya Aktiki. Ramani nyingi za shule zinauita Mackenzie, basi. Alexander Mackenzie, Mskoti wa Kampuni ya North West iliyofanya biashara ya manyoya, aliyekuwa akisaka njia ya kufika Pasifiki, aliushuka mwaka 1789 akiongozwa na wenyeji. Hao walikuwa na majina yao tayari: Wadene wa upande wa juu wanauita Dehcho, Wagwich'in Nagwichoonjik, na Wainuvialuit wa deltani Kuukpak. Msimamo wangu ni kwamba majina hayo yatangulie, la Mackenzie lifuate. Mgeni aliyeonyeshwa njia hawezi kuwekwa mbele ya waliomwonyesha.

Mchangiaji: Mkuu, hapo napingana nawe. Mto mmoja majina matatu? Rubani na mtu wa uokoaji watumie lipi? Ukichagua Dehcho, umewaonea Wagwich'in. Mackenzie angalau halimpendelei yeyote kati yao, na limeshazoeleka. Tena kubadili jina hakumrudishii mtu ardhi wala samaki.

Mtoa mada: Hilo la kuonea lina uzito, ndiyo maana sisemi lichaguliwe moja, kila kipande cha mto kibebe jina la watu wake. Na ardhi, kweli, jina haliirudishi. Ila hili la kuchanganyikiwa silikubali hata kidogo. Yafuate maji yenyewe: yanaanza yakiitwa Finlay, yanakuwa Peace, halafu Slave, yanaingia ziwani, yakitoka ndipo yanaitwa Mackenzie. Kutoka chanzo cha Finlay hadi baharini ni kilomita 4,241 na majina manne, na wataalamu wa ramani wameyazoea. Kwa nini wingi wa majina uwe kero pale tu yanapokuwa ya wenyeji?

Kisha tazama karibu na Fort Providence, kijiji kilicho kando ya mto huu. Zamani magari yalivuka kwa kivuko wakati wa joto na juu ya barafu wakati wa baridi. Barafu ilipokuwa inaganda au inavunjika, safari zilikatika. Mwaka 2012 likafunguliwa daraja, nalo likaitwa Deh Cho. Barabara kuu ya kwenda mji wa Yellowknife inapita hapo. Kama jina hilo linafaa kwa daraja ambalo malori ya chakula na mafuta yanalitegemea, nieleze, mkuu, linashindwaje kufaa kwa maji yanayopita chini yake?