Naombeni ushauri: mwenzetu kavunja makubaliano ya pombe, tumtoe kikundini au tumwambie mama yake?

Kijana wa Makulu
Wakuu habari za muda huu. Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dodoma. Tumepanga nyumba watano, wote tunaishi kwa bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo. Mnajua likitoka hali inavyokuwa: siku tatu za kwanza ni mizinga ya pombe kali na nyama choma, wiki ya tatu mnakopa unga kwa mangi. Mwaka jana mmoja wetu alilala na pombe akapitwa na mtihani. Baada ya hapo tukakaa chini, tukawekeana utaratibu. Mzinga hauingii ndani. Bia mwisho mbili. Kila tukitoka mmoja ana zamu, hagusi kabisa, kazi yake ni kuhesabu, kuhakikisha watu wamekula na kuwarudisha nyumbani. Bumu likiingia, hela ya chakula ya mwezi inakwenda kwanza kwa mtunza hazina. Imeenda vizuri kiasi kwamba madogo wanne wa mwaka wa kwanza, nyumba ya jirani, wakaomba kujiunga.

Sasa Ijumaa iliyopita mmoja wetu, nimwite K, kalewa chakari. Tulimkuta saa nane usiku kalala chali, matapishi yamejaa mdomoni, anakoroma vibaya. Akakimbizwa zahanati kwa bajaji, akatundikiwa dripu, asubuhi akaruhusiwa. Jumapili tuna kikao. Mimi naona atoke kikundini, na mama yake aambiwe. Mnashaurije?

Baba Neema
Sisi wazazi tunauza mahindi kabla ya bei kupanda ili nyinyi msome, nyinyi mnakaa kuhesabiana bia. Hilo bumu ni mkopo, siyo zawadi. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara, na utakuwa unalipia pombe uliyokojoa zamani. Acheni kabisa, mrudi kanisani au msikitini.

Tumbo Joto
Mimi nimekwama hapo kwenye hazina ya chakula. Hamna nafasi ya mtu wa sita? Sinywi, nakula tu.

Mkongwe wa Hosteli
Dogo, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mwaka wa pili 2016, enzi za viroba, zile pombe kali za vifuko. Mtu anaingia darasani na viwili kwenye soksi. Chumbani kwetu tulikuwa sita, na kila mtu alikuwa na uhakika kwamba mlevi ni yule mwingine. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 tukasema tumepona. Haukupita mwezi, tukawa tunachangishana mzinga. Hakuna aliyemwambia mwenzake "leo tuache", kwa sababu anayesema hivyo anaitwa mshamba. Kati ya sita, wawili hawakumaliza chuo. Nyinyi mmethubutu kulisema hilo neno, mimi nawaheshimu.

Nesi wa Usiku
Kijana, kabla ya kikao, hili kwanza. Mtu aliyezimika kwa pombe halazwi chali. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje. Usimpe kahawa, usimmwagie maji ya baridi, usiseme "mwache alale itaisha". Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala. Ukimwita haamki, au anapumua chini ya mara nane kwa dakika, au midomo inageuka rangi ya bluu, huyo ni wa hospitali, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Tena msidhani ulevi wa kupitiliza ni kreti zima. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia gramu 60 za alkoholi kwa mkao mmoja. Hizo ni kama bia tatu za nusu lita zenye asilimia 5. Chupa ya robo lita ya pombe kali yenye asilimia 35 inavuka hapo.

Sasa swali. Umesema lazima kuwe na mwenye zamu. Ijumaa zamu ilikuwa ya nani?

Kijana wa Makulu
Nesi, ahsante sana. Mwenye zamu alikuwepo, ila tusihamishe mada, hapa tatizo ni nidhamu ya mtu. K ana miaka 23, anayajua makubaliano, na mzinga kaunywa kwa mkono wake. Nilipomkuta nilimgeuza haraka nikaita bajaji, kwa hiyo upande wa huduma hakukuwa na uzembe.

Jicho la Mwewe
Hii ni chai. Juu umeandika "tulimkuta", hapa chini "nilimkuta". Mzinga hauruhusiwi ndani, huo umeota? Na wanafunzi gani wanampa mwenzao hela ya bumu awatunzie? Nimepita chuo mimi. Mnatunga visa mpate wachangiaji, watu wazima wanapoteza bando kujibu.

Baba Neema
Hata mimi hiyo hazina ilinishangaza.

Mkongwe wa Hosteli
Kwani kuchangia chakula ni ajabu? Sisi tulikuwa na sufuria ya pamoja miaka miwili.

Jicho la Mwewe
Sufuria siyo pesa taslimu, mkuu. Mpaka sasa hajajibu swali la nesi.

Shangazi wa Iringa
Mwanangu Jicho, anayetunga kisa hujitunga shujaa. Huyu kuna kitu kimemkaba. Kijana, hapa hakuna anayekujua wala anayemjua mama yako. Mwache K kidogo, tueleze Ijumaa ulikuwa wapi.

Kijana wa Makulu
Nimesoma yote. Nimezima data nikawasha tena mara tatu.

Zamu ilikuwa yangu. Wenzetu watatu walikuwa wamesafiri. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa na mzinga niliununua mimi. Nilimwambia K leo tuko wawili tu, utaratibu ni wa kundi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia basi niache ninywe peke yangu siku ya kuzaliwa kwangu, akakaa. Mimi nilizimika wa kwanza. Niliamka kwenda msalani ndipo nikasikia lile koromo.

Lakini jamani, mtu mzima hanyweshwi kwa mpira. Angeweza kwenda kulala. Na kikundi nimekianzisha mimi. Wale madogo wanne wamekuja kwa sababu yangu, wakisikia watatawanyika wote na hakuna atakayewakusanya tena. K hakumbuki sehemu kubwa ya usiku ule. Meseji ya mama yake nimeshaiandika, bado kutuma tu. Naona ni bora aumie mmoja kuliko tisa.

Nesi wa Usiku
Hakumbuki kwa sababu pombe ilizuia ubongo kuhifadhi. Pengo hilo siyo la wewe kulijaza unavyotaka. Na mama yake ukimwambia, utamwambia mzinga ulinunuliwa na nani?

Jicho la Mwewe
Naomba radhi kwa neno chai. Nilidhani umeongeza, kumbe ulipunguza.

Mnywaji Mstaafu
Mimi nina mwaka wa sita sijagusa. Kilichonitoa ni watu waliokuwa wameoza kama mimi, kwa sababu kwao sikuwa na la kuficha. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, vilianza 1935, mji wa Akron kule Marekani, na mwanzo wake ni walevi wawili tu. Mmoja alikuwa amesafiri kikazi, kakaa miezi kadhaa bila pombe, kiu ikampanda. Badala ya kwenda baa akamtafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asinywe. Mpaka leo sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Mtu akianguka anarudi, anapewa kiti chake.

Kwenye utaratibu wenu nimeona adhabu na hesabu, sijaona mahali pa mtu kusema "leo nimeanguka". Ndiyo maana wewe ulipoanguka ukatafuta wa kumtoa. Huyo K aliyekataa mara mbili ndiye mtu wako wa kwanza wa kumpigia simu kiu ikija. Na zamu muiweke ya watu wawili.

Baba Neema
Hapo kwa wawili naunga mkono.

Tumbo Joto
Kijana, siku ya kuzaliwa ijayo nunueni kuku. Nasema kweli kabisa.

Kijana wa Makulu
Madogo nitawaambia nini?

Shangazi wa Iringa
Hayo hayo uliyotuambia sisi, ukianza na "alikataa mara mbili".

Kijana wa Makulu
K kaingia sasa hivi. Kaja na chipsi, kaziweka kwenye sahani mbili bila hata kuniuliza kama nimekula. Kikao ni Jumapili ila naona niongee naye leo kabla wengine hawajarudi. Meseji naifuta.

Nesi wa Usiku
Futa meseji, namba ya mama yake iache kwenye simu. Na Jumapili kila mmoja aje na namba ya mtu wa kwao, mziandike zote ukutani pamoja na ya dereva wa bajaji.